Hewa ya Kufukuzwa na Hewa ya Kulisha Moto: Historia ya Chumba cha Injini ya Dizeli katika Mashua za Matanga, 1741–1994

Utangulizi

Mashua ya matanga iliyotiwa injini hubeba ugomvi ndani yake. Fundi aliyeiunda ametumia maarifa yake yote kuziba: ameziba kwa kalafati, kwa lami, kwa fibaglasi na kwa mpira wa kingo za milango. Kisha, katikati ya chombo hicho kilichozibwa, huwekwa mashine isiyoweza kufanya kazi hata nusu dakika bila tundu la kuvutia hewa. Insha hii inafuatilia namna ugomvi huo ulivyoshughulikiwa, tangu majaribio ya kwanza ya kupitisha hewa melini katika karne ya 18 hadi Umoja wa Ulaya ulipotoa maelekezo kuhusu vyombo vya starehe mwaka 1994.

Hoja yake ni kwamba desturi na sheria za kupitisha hewa zilijengwa, kwa muda wa miaka 200 hivi, juu ya wazo moja: kwamba hewa iliyo chini ya chombo ni mbaya na haina budi kutolewa. Injini ya dizeli ilipoingia katika mashua ndogo ilikuja na haja iliyo kinyume, haja ya kuletewa hewa kutoka nje. Lakini kufikia wakati huo wazo la kale lilikuwa limekwisha kuandikwa katika sheria na kutobolewa katika sitaha. Matokeo ya mkanganyiko huo hayakuishia kwenye mitambo. Katika mashua ndogo watu hupika na kulala mita moja au mbili kutoka kwenye injini, na hewa inayoikosa injini huenda ikatafutwa mahali walipo wao.

Neno ngama linatumika hapa kwa maana yake ya pwani, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji yavujayo hukusanyika kabla ya kutekwa na kumwagwa nje. Ngama ndiyo mahali ambapo historia hii inaanzia.

Hewa mbaya ya ngamani

Mwaka 1741 Stephen Hales, kasisi wa Kiingereza aliyejulikana kwa utafiti wake wa mimea na wa hewa, aliieleza Royal Society ya London juu ya mashine ya kupitisha hewa aliyoibuni. Ilikuwa mivukuto mikubwa iliyoendeshwa kwa nguvu za watu, na kitabu chake juu ya mashine hiyo kilichapishwa 1743. Karibu wakati uleule Martin Triewald alikuwa akishughulikia jambo hilohilo nchini Sweden. Wote wawili walifikiri kama walivyofikiri madaktari wa zama zao, kwamba maradhi yaliyowaua mabaharia kwa wingi yalitokana na uvundo wa hewa iliyofungiwa chini ya sitaha. Dawa yake ilikuwa kuiondoa.

Mtu wa tatu anatuhusu zaidi. Samuel Sutton, mkazi wa London asiye na sifa za kitaaluma, alipendekeza njia isiyohitaji mikono ya watu. Meli zote zilikuwa na jiko la kupikia. Sutton alitaka milango ya chini ya jiko hilo ifungwe kabisa, na mabomba yatoke hapo hadi sehemu za chini za meli, ili moto usiwe na mahali pengine pa kupatia hewa isipokuwa ngamani. Moto ungejilisha, na kwa kujilisha kwake ungeisafisha meli. Daktari mashuhuri Richard Mead alimuunga mkono, na maelezo ya njia hiyo yalichapishwa 1745. Jeshi la Majini la Uingereza, hata hivyo, liliegemea mivukuto ya Hales.

Wanahistoria wa tiba humtaja Sutton kwa sababu ya afya ya mabaharia. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, umuhimu wake ni mpana zaidi. Sutton alitambua kwamba moto uliofungiwa chomboni ni pampu, kwamba utavuta hewa kutoka popote ulipoachiwa njia, na kwamba anayechagua njia hiyo ndiye anayeamua ni sehemu gani ya chombo itakayovutwa. Kanuni hiyo ilikuja kusahauliwa. Kilichobaki katika desturi ni nusu ya kwanza tu ya fundisho lake: toa hewa mbaya.

Moto ndani ya silinda

Rudolf Diesel alipata hataza ya Kijerumani kwa injini yake kwa tarehe ya mwaka 1892, na injini iliyofanya kazi kwa kuridhisha ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Tofauti yake na injini ya petroli inafahamika kwa kila fundi, ila sehemu moja ya tofauti hiyo haitiliwi maanani inavyostahili. Katika injini ya petroli, dereva anapopunguza mwendo huziba njia ya hewa kwa kilango kidogo, hivyo injini hupumua kidogo ikifanya kazi kidogo. Katika injini ya dizeli ya kawaida hakuna kilango hicho. Silinda hujazwa hewa kamili kila inapofika zamu yake ya kuvuta, hewa hiyo ikashindiliwa hadi kupata joto kali, kisha mafuta yakanyunyiziwa ndani yake na kuwaka bila cheche. Dereva hubadilisha kiasi cha mafuta, si kiasi cha hewa. Kwa hiyo injini ya dizeli ina njaa ya hewa wakati wote inapozunguka, iwe inasukuma chombo dhidi ya kusi au inachaji betri tu bandarini.

Kufikia 1903 injini za namna hii zilikuwa zimetiwa katika vyombo vya mitoni na vya mifereji huko Ufaransa na Urusi. Kwa vyombo vya matanga, mfano unaostahili kutajwa kwanza ni Fram. Meli hii ya milingoti mitatu iliundwa na Colin Archer huko Larvik, Norwei, ikashushwa majini 1892 kwa ajili ya safari ya Fridtjof Nansen katika barafu ya kaskazini. Wakati huo ilikuwa na injini ya mvuke. Roald Amundsen alipoitayarisha mwaka 1910, injini ya mvuke iling'olewa na mahali pake pakatiwa dizeli ya nguvu farasi 180 iliyotengenezwa Stockholm, pamoja na mhandisi Knut Sundbeck aliyeifahamu tangu kiwandani. Faida yake kwa meli ya matanga ilikuwa kubwa. Tanuri la mvuke huhitaji kuchochewa muda mrefu kabla ya kutoa nguvu, na watu wa kulichochea. Dizeli huwashwa upepo unapokufa na kuzimwa upepo unaporudi.

Kuondoka kwa tanuri kuliondoa pia kitu kingine. Meli ya mvuke ilikuwa na mabomba ya hewa yenye midomo mipana kama tarumbeta yaliyoelekezwa kwenye upepo, kwa kuwa wachochezi walioungua mbele ya tanuri walidai hewa kwa sauti zao wenyewe. Dizeli haikuwa na wachochezi. Katika chumba chake angeweza kuwako fundi mmoja, na baadaye, katika mashua ndogo, hakuwako mtu yeyote. Mashine iliyohitaji hewa kuliko zote ikafungiwa mahali pasipo na mlalamikaji.

Petroli yaandika sheria

Mashua ndogo za matanga hazikuanza na dizeli. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 injini za dizeli zilikuwa nzito mno kwa chombo cha mita 8 au 10. Kampuni ya Yanmar ya Japani ilifanikiwa kuunda dizeli ndogo ya matumizi ya kawaida mwaka 1933, lakini mashua za starehe za Ulaya na Marekani ziliendelea kutumia petroli kwa miongo kadhaa. Mfano unaojulikana zaidi ni Atomic Four, injini ya silinda nne na nguvu farasi 30 iliyoanza kuuzwa Marekani baada ya vita, mwaka 1947, ikatiwa katika makumi ya maelfu ya mashua hadi miaka ya 1980.

Petroli ina hatari ambayo dizeli haina. Hutoa mvuke wenye kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Ukivuja, hushuka ngamani na kutulia kama maji, na asilimia moja na nusu hivi ya mvuke huo katika hewa inatosha kulipuka kwa cheche ya swichi. Watu walikufa kwa njia hiyo. Sheria ya Marekani ya tarehe 25 Aprili 1940 kuhusu boti za injini iliagiza kwamba kila boti itumiayo mafuta yenye kutoa mvuke kwa urahisi iwe na njia ya kupitisha hewa ngamani katika vyumba vya injini na vya matangi, ili gesi za kulipuka ziondolewe. Kanuni zilizofuata zilifafanua: angalau mabomba mawili ya hewa, moja la kuingiza na moja la kutoa, na bomba la kutoa lishuke hadi sehemu ya chini ya ngama. Kanuni hizo zilihusu mafuta ambayo mvuke wake huwaka katika nyuzi 43 za selsiasi au chini yake. Dizeli, ambayo mvuke wake hauwaki hadi nyuzi 50 na kuzidi, ilibaki nje ya mstari.

Sheria hii ilikuwa nzuri kwa kusudi lake, na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini tazama umbo lake. Ni Hales aliyerudi: uovu uko chini, bomba lishuke kuufuata, hewa itolewe. Tofauti ni kwamba safari hii uovu ulikuwa wa kweli na uliweza kupimwa.

Dizeli yarithi matundu ya petroli

Kuanzia miaka ya 1960, na kwa kasi zaidi miaka ya 1970, dizeli ndogo na nyepesi ziliiondoa petroli katika mashua za matanga. Sababu iliyotajwa zaidi ni hiyohiyo ya mlipuko: mwenye dizeli hulala usingizi. Mageuzi hayo yalikutana na mageuzi mengine mawili. Maganda ya mbao, yaliyokuwa na nyufa na mianya mingi chini ya sitaha, yalikuwa yakipisha fibaglasi, ambayo ni kipande kimoja kisichopenya hewa. Na kwa kuwa dizeli hupiga kelele kuliko petroli, wajenzi waliizungushia kisanduku chini ya ngazi ya kuingilia, wakakitandika sponji nene na kukifunga barabara. Kilichofanywa kwa ajili ya masikio kikawa kitanzi cha pua.

Tuchukue hesabu. Injini ya lita 1.5 yenye mapigo manne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hujaza silinda zake mara 1,500 kwa dakika, yaani huvuta kiasi cha lita 2,250 za hewa kila dakika. Ikiwa kisanduku chake kina nafasi ya nusu mita ya ujazo, hewa yote iliyomo humalizwa kwa muda wa sekunde 13. Hiyo ni hewa ya kuchomea mafuta peke yake. Injini hiyo ikitoa kilowati 20 kwenye rafadha, itakuwa inachoma mafuta yenye nishati ya kilowati 60 hivi. Maji ya kupoza na bomba la moshi huchukua sehemu kubwa ya joto lililobaki, ila sehemu fulani hutoka kwenye chuma na kuingia chumbani. Tukikadiria kwamba ni sehemu moja katika 20, tunapata kilowati tatu, sawa na pasi tatu za umeme zilizowashwa ndani ya kabati. Ili joto la chumba lisizidi lile la nje kwa zaidi ya nyuzi 15, zingehitajika mita za ujazo 10 za hewa kila dakika. Mahitaji ya kupoza, basi, ni zaidi ya mara nne ya mahitaji ya kuchoma. Mabomba mawili ya mwaka 1940, yaliyopimwa kwa ajili ya kufukuza mvuke kutoka katika ngama tulivu, hayakuwa na uhusiano wowote na hesabu hii.

Mwenye mashua huona dalili bila kuona sababu. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 9, hivyo injini inayovuta hewa ya chumba chenye joto hupata oksijeni kidogo, hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu, naye fundi hubadilisha vichujio vya mafuta. Alternita huungua, mikanda hukauka na kupasuka, na betri ya risasi iliyowekwa jirani hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila ongezeko la nyuzi 10 hivi. Kipimo cha zamani cha shambani kingeonyesha ukweli mara moja: injini ikiwa katika kasi, fungua kifuniko cha kisanduku. Mzunguko ukipanda, injini ilikuwa na njaa.

Feni za kutoa hewa ziliongeza utata. Katika mashua ya petroli feni huwashwa dakika chache kabla ya injini ili kuondoa mvuke. Ilipohamishiwa kwenye dizeli na kuachwa ikizunguka safari nzima, feni hiyo na injini zilianza kunyang'anyana hewa ileile inayoingia kwa tundu dogo. Mafundi wenye kufikiri waliigeuza: iingize hewa wakati injini inafanya kazi, na itoe hewa baada ya kuzimwa, kwa kuwa injini ikisimama, maji ya kupoza nayo husimama, na joto lililomo katika chuma hupanda chumbani kwa muda. Kuhusu ukubwa wa matundu, Dave Gerr, mbunifu wa Marekani, ameeneza kanuni rahisi ya kugawa nguvu farasi kwa 3.3 ili kupata inchi za mraba. Kwa injini ya nguvu farasi 30 ni inchi 9 hivi, au sentimita za mraba 59. Mtu akipima matundu ya mashua nyingi za miaka ya 1970, akiondoa nafasi inayozibwa na wavu na vipande vya kukinga maji, hafiki hapo.

Jambo la hatari zaidi halionekani kwenye mtambo. Injini iliyokosa hewa chumbani huivuta kupitia nyufa za ukuta unaoitenga na vyumba vya watu. Manowari za dizeli zilizotumia bomba la kupumulia juu ya maji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilionyesha jambo hili kwa ukatili: wimbi lilipofunga mdomo wa bomba, injini zilivuta hewa ya mabaharia hadi masikio yao yakauma. Katika mashua ya matanga mvuto ni mdogo, lakini unatosha kugeuza mkondo wa jiko la kupashia joto, ili moshi wake ushuke badala ya kupanda, pamoja na kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Hapa ndipo Sutton alipokuwa na haki. Moto utavuta kutoka popote. Asiyeuwekea njia ameuachia uchague wenyewe.

Maji, na chombo kilicho wazi

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wajenzi, lau hewa na maji visingeingilia mlango mmoja. Mashua ya matanga hulalia ubavu mmoja kwa saa nyingi, na tundu lililo salama bandarini huweza kuzama upande wa chini. Ufumbuzi uliosifiwa zaidi ulitokana na Dorade, mashua iliyobuniwa na Olin Stephens na kushinda mashindano ya kuvuka Atlantiki mwaka 1931. Ni kisanduku chenye bomba la kupokea upepo upande mmoja na bomba la kushusha hewa upande mwingine, na mashimo madogo ya kumwagia maji kati yake. Kilikusudiwa vyumba vya kulala, lakini kanuni yake ilifaa injini pia, kwa gharama ya kupunguza hewa iingiayo.

Kisha likaja shindano la Fastnet la Agosti 1979. Mashua 303 zilianza, dhoruba ikazikuta baharini kusini mwa Ireland, na washindani 15 wakafa. Uchunguzi uliofuata ulitazama kwa makini milango na mifuniko iliyoachia maji kuingia. Kwa mjenzi aliyekuwa akichora mashua mpya mwaka 1980, kila tundu la ziada lilikuwa swali la uhai, na si ajabu kwamba tundu la injini lilipunguzwa kuliko kuongezwa.

Pwani yetu inatoa ulinganisho unaofaa. Alan Villiers aliposafiri kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji katika jahazi la Kikuwaiti mwaka 1938 na 1939, chombo hicho hakikuwa na injini. Baada ya vita dizeli zilienea katika majahazi ya Ghuba na ya Afrika Mashariki, nazo ziliwekwa nyuma, upande wa shetri, ndani ya chombo kisicho na sitaha kamili. Tatizo linalojadiliwa hapa halikuzuka, kwa kuwa jahazi lililo wazi hupumua lenyewe. Taabu yake ilikuwa maji ya mvua na ya mawimbi kuifikia injini. Huzuka pale tu jahazi linapofungwa sitaha na kujengewa vyumba vya wageni, na fundi aliyezoea chombo wazi akaifungia injini chini ya mbao bila kuihesabia kitu.

Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 94/25 ya mwaka 1994 yalikuwa na masharti mafupi ambayo, kwa mara moja, hayakutofautisha mafuta. Injini ya ndani itengwe na makazi ya watu, ili moto, hewa ya sumu, joto na kelele visiwafikie. Chumba chake kipitishiwe hewa. Maji yasiachwe kuingia kwa hatari kupitia matundu hayo. Yote matatu yamo, kutenga na kupumua na kuzuia maji, bila kipimo cha tundu hata kimoja. Vipimo vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 1997 chini ya namba ISO 11105 vilieleza upitishaji hewa kwa kirefu, lakini anwani yake ilitaja vyumba vya injini za petroli na vya matangi ya petroli.

Mashua zilizoundwa kabla ya hapo bado zinasafiri. Katika nyingi zilizobadilishiwa injini, bomba la hewa bado linashuka hadi ngamani kama lilivyoagizwa mwaka 1940, na mdomo wake uko sentimita chache juu ya maji machafu, mbali na kichujio cha hewa cha dizeli iliyowekwa juu yake.